Umepata foo au ziro: kurisiti, kwenda VETA, kusomea cheti au kuingia mtaani?

Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kuna nyumba zinazopigwa vigelegele, na kuna nyumba ambazo kijana amejifungia chumbani na simu ameizima. Naandika kwa ajili ya nyumba hizo za pili: kwako uliyepata divisheni foo au ziro, na kwa mzazi au mlezi wako ambaye tangu asubuhi majirani wanamuuliza, "Vipi, mtoto kapata ngapi?"

Nafundisha kituo cha jioni, kwa hiyo wiki hizo wanafunzi na wazazi hupanga foleni wakiwa na maswali yaleyale. Nirisiti? Niende VETA nikasomee ufundi? Niombe chuo cha cheti? Au niachane na shule nikatafute hela? Jibu moja la kuwafaa wote sijaliona. Lakini njia hizi zinalinganishika, na kabla ya ada, kabla ya heshima ya mtaani, mimi naanza na swali moja: njia hii itakuonyesha lini, na mara ngapi, kwamba unaweza? Mtu aliyefeli amepungukiwa na imani juu ya nafsi yake. Imani hiyo hairudi kwa kuambiwa "jipe moyo, mwanangu". Inarudi siku anapoona kitu alichokifanya mwenyewe kimekubali, halafu kesho yake kikakubali kingine.

Kwanza, isome karatasi yako vizuri

Wengi wanalia bila kuisoma. Wanaona neno "IV" au "0" na basi. Hebu tuweke karatasi mbili mezani.

Ya kwanza: Uraia D, Historia D, Jiografia F, Kiswahili C, Kiingereza D, Biolojia F, Hisabati F. Kwa hesabu za Baraza la Mitihani la Tanzania, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na zinajumlishwa za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Hapa jumla ni 30. Divisheni foo inaanzia 26 hadi 33, kwa hiyo huyu ana foo.

Ya pili: Kiswahili D, mengine yote F. Jumla ni 34, nayo ni ziro.

Sasa tazama kinachofichwa na hizo herufi. Huyu wa pili angepata D moja zaidi, kwenye somo lolote lile, jumla yake ingekuwa 33 naye angeitwa mwenye foo. D ni alama 30 hadi 44. Aliyepata 29 na aliyepata 5 wote wameandikiwa F ileile. Na huyu wa kwanza, ambaye mtaani wanamweka kapu moja na mwenzake, ana masomo manne aliyofaulu na C moja mkononi. Hawa vijana wawili hawako mahali pamoja hata kidogo, na ushauri wao hauwezi kuwa mmoja.

Kwa wazazi hasa, nakumbusha jambo la mtihani wa 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na ziro. Nchi nzima ilishtuka, serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya, na mwezi Mei yakatangazwa mengine. Maelfu ya vijana walioitwa ziro Februari hawakuwa ziro tena Mei, na hakuna hata mmoja aliyeandika swali jingine katikati ya miezi hiyo. Mwaka 2014 divisheni ziliwekwa kando, matokeo yakatolewa kwa GPA, yaani wastani wa pointi, kisha divisheni zikarudi. Mistari hii imechorwa na watu kwa ajili ya kupanga nani aende wapi. Inapima ulichoandika kwenye chumba cha mtihani, na hapo ndipo kazi yake inapoishia.

Umefeli kwa sababu gani?

Hili ndilo swali la kuchagulia njia, na hapa nataka tukae kidogo.

Wapo waliofeli kwa sababu hawakuwepo. Ada, ugonjwa, mimba, kutembea kilomita nyingi kwenda na kurudi, mzazi kufiwa, kijana kubaki na wadogo zake. Wapo walioishi miaka minne bila mwalimu wa Fizikia au Hisabati. Wapo waliocheza, na wao wanajijua. Na lipo kundi kubwa ambalo halijitambui kabisa: waliofeli lugha.

Darasa la kwanza hadi la saba katika shule nyingi za serikali ni Kiswahili. Fomu wani mlango unafungwa nyuma yako na kila kitu kinageuka Kiingereza. Nikitaka kumjua mwanafunzi wa kundi hili namuuliza kwa mdomo, kwa Kiswahili: kwa nini udongo wa mlimani kwenu unamomonyoka? Anaanza kueleza: miti imekatwa, watu wanalima kufuata mteremko badala ya kuukata, mvua ikija maji hayana kizuizi, mbuzi nao wamemaliza majani. Anaeleza mpaka namzuia. Halafu nampa swali hilohilo la Jiografia kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya mtihani, kwa Kiingereza. Anaandika mistari miwili, anafuta, ananiangalia. Huyu Jiografia anaijua. Kilichomwangusha kinafundishika ndani ya mwaka kwa mtu aliyeamua, na ni msamiati wa maswali pamoja na namna ya kujenga sentensi rahisi iliyonyooka.

Ukiona karatasi yenye C au B ya Kiswahili na F zimetapakaa kwingine, lishuku tatizo hili kabla ya kujiita kilaza. Neno hilo limewaharibu watoto wengi kuliko mtihani wenyewe.

Kurisiti

Kurisiti maana yake unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kilichosajiliwa, unafanya tena mtihani wa Novemba, na matokeo unayasubiri hadi Januari nyingine. Unaweza kurudia masomo unayoyataka tu bila kubeba yote saba.

Uzuri wake unaonekana kwenye ile karatasi ya kwanza. Kuingia kidato cha tano kunataka angalau C tatu za masomo yasiyo ya dini. Yule kijana anayo moja, ya Kiswahili. Akipandisha Historia na Kiingereza kutoka D kufika C, yaani alama 45, anakuwa na C za kombi nzima ya HKL, yaani mchepuo wa kidato cha tano wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Masomo mawili, na mwaka mzima wa kuyasoma. Waliorisiti wengi huendelea na kidato cha tano kwenye shule binafsi au kama watahiniwa wa kujitegemea tena, kwa hiyo familia ijue mapema kwamba safari ya gharama haiishii kwenye ada ya mtihani.

Ugumu wake sasa. Mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo ya darasani zinazoingia kwenye matokeo yake. Mtahiniwa wa kujitegemea anasimama na mtihani peke yake. Ukirudia masomo ya sayansi, kuna vitendo, na vituo vingi vya mtaani havina maabara; hilo liulizie kabla hujalipa chochote. Na Hisabati ndiyo inayoangusha watahiniwa wengi zaidi nchini mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kama kombi unayoitaka haiihitaji, sioni sababu ya kuipa F ile mwaka wako.

Kwa kipimo changu cha moyo, kurisiti ni njia ngumu kuliko zote. Wenzako wako kidato cha tano na wanapiga picha za sare mpya. Wewe uko nyumbani, na kila anayepita anakuona una nafasi: nenda dukani, mpeleke mtoto kliniki, mwangalie bibi. Uthibitisho mmoja tu unakungojea, nao uko mbali, mwaka mzima mbele. Ndiyo maana wengi huanza kwa nguvu, na kufikia katikati ya mwaka daftari halifunguliwi. Anayetaka kufika Novemba ajitengenezee uthibitisho wa karibu: mtihani wa mwaka uliopita kila Jumamosi, kwa saa, umesahihishwa na mtu mwingine, alama zikaandikwa ukutani. Kijana akiona 22, kisha 27, kisha 35, hahitaji tena mtu wa kumtia moyo. Namba zinamwambia.

Kurisiti namshauri mtu mwenye D karibu na C, sababu ya kufeli inayojulikana na kuondoleka, na nyumba itakayomlindia saa zake za kusoma. Mwenye F nyingi anayerisiti yote saba kwa sababu tu baba anaona aibu, huyo namwonea huruma tangu mwezi wa kwanza.

VETA na vyuo vya wananchi

Hapa nitasema wazi kwamba naipenda njia hii, na kwamba imetukanwa bila haki. Mtaani mtu akisema "yuko VETA" huongeza kwa sauti ya chini, "si unajua alifeli". Halafu umeme ukikatika kwao, wanampigia simu huyohuyo.

Kozi ndefu za VETA hazidai divisheni. Ni ngazi ya kwanza hadi ya tatu: umeme wa majumbani, uchomeleaji, magari, ushonaji, bomba, useremala, upishi, majokofu na nyingine. Zinaanza Januari, na fomu hutolewa nusu ya pili ya mwaka unaotangulia. Kwa hiyo mwenye akili timamu anaomba kabla hata matokeo hayajatoka, akiwa na njia mbili mkononi. Aliyechelewa asikae tu, kuna kozi fupi zinazoendelea katikati ya mwaka. Na pale ambapo chuo cha VETA kiko mbali, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, 54 nchi nzima, vingi viko vijijini na vina bweni. Wasichana walioacha shule kwa mimba au ndoa wamefunguliwa mlango humo kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, na mama anaweza kusoma akiwa na mtoto wake chuoni.

Kwa swali langu la moyo, njia hii inashinda zote. Kijana wa umeme ndani ya wiki chache anapewa ubao, waya, swichi mbili na taa moja, anaambiwa ifanye iwake kutoka pande zote mbili kama ya ngazini. Anakosea, fyuzi inakatika. Mwalimu haandiki F. Anamwambia fuatilia waya mwekundu, umeanzia wapi? Anaufuatilia, anakuta aliuchomeka pasipo pake, anarekebisha, taa inawaka. Kosa lilelile ambalo darasani lingekuwa aibu, hapa ndiyo njia ya kujifunzia, na limerekebishwa kabla ya chakula cha mchana. Kijana aliyeishi miaka minne akiambiwa hajui, akiwasha taa yake ya kwanza, mabega yanabadilika. Nimeyaona mabega hayo.

Ubaya upo. Nafasi za vyuo vya serikali zinagombewa. Vyuo binafsi vya ufundi vingine havijasajiliwa, na cheti chake utakitundika ukutani tu. Karakana nyingine vifaa ni vichache, mnashika zamu. Na ukimaliza utahitaji vifaa vyako, kwa hiyo anza kuviweka akiba mapema, koleo moja na bisibisi moja kwa wakati. Anayependa vitabu kwa dhati, anayefurahia kuandika na kubishana hoja, atadumaa karakanani, na asilazimishwe. Ila asidhani pia kwamba mlango wa kusoma umefungwa: aliyefika ngazi ya tatu ya ufundi stadi anaweza kuomba vyuo vingi vya kati vya fani yake.

Astashahada, yaani cheti

Ile karatasi ya kwanza, yenye C moja na D tatu, ina ufaulu wa masomo manne. Kwa kozi nyingi za astashahada hicho ndicho kigezo. Wengi hawajui hili. Wanarisiti mwaka mzima kutafuta kitu ambacho tayari wanacho.

Ukianza astashahada ukaendelea hadi stashahada, yaani diploma, ni kama miaka mitatu. Mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi, na ule ufaulu wake wa masomo manne ya kidato cha nne, anaweza kuomba shahada chuo kikuu. Yaani mwenye foo ana barabara hadi digrii bila kupita fomu faivu. Nalisema hili kwa wazazi kila mwaka na kila mwaka kuna anayeniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Angalia tu fani. Utabibu unataka D za Kemia, Biolojia na Fizikia ziwemo humo. Kwa hiyo mwenye ndoto ya afya ambaye amekosa moja kati ya hizo anayo sababu safi ya kurisiti somo hilo moja. Na chuo chochote kitafute kwanza kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo hivi. Mawakala wenye vipeperushi wanaokuja stendi na makanisani wiki ya matokeo wanajua kwamba mzazi mwenye aibu hulipa haraka. Usilipe haraka.

Kwa moyo, njia hii iko katikati. Unavaa tena kitambulisho cha mwanafunzi, unapewa majaribio na matokeo kila muhula, na aibu ya mtaani inaisha mapema. Lakini kama lugha ndiyo iliyokuangusha, itakufuata mpaka chuoni, kwa sababu masomo ya huko ni Kiingereza vilevile. Miezi ya kusubiri chuo itumie hapo.

Mtaani moja kwa moja

Bodaboda, genge, saluni, shamba, kibarua cha ujenzi. Hela inaonekana jioni ileile, na kwa familia yenye njaa hakuna mtu wa kumhukumu kijana anayeichagua. Ninachoomba ni kitu kimoja: ufundi unaojifunza kwa fundi usibaki bila karatasi. VETA wana urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa vijana inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo anayefikiria mtaji ajiunge na wenzake na kumwona afisa maendeleo wa kata.

Sasa uchague vipi?

Nikiwa na mzazi na kijana mbele yangu, kwanza namwomba mzazi atoke nje kidogo. Halafu namuuliza kijana: ukiacha aibu, ukiacha baba, ungefanya nini? Akijibu haraka, kazi yetu ni nyepesi. Mwenye ile karatasi ya kwanza anayependa vitabu namwelekeza cheti, na kama ana moto wa kombi fulani, arisiti masomo mawili. Mwenye karatasi ya pili namshawishi aende ufundi mwaka huu, jioni ajifunze Kiingereza na Uraia taratibu, kisha arisiti somo moja au mawili mwakani akiwa tayari ana ujuzi na amesimama wima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, na walikuwa wakizungumza na mtu ambaye bado anajua kufua chuma.

Asiyejibu, anayeangalia chini tu, huyo hayuko tayari kuchagua, na kumlazimisha wiki hiyo ni kumwongezea kidonda. Mpeni siku. Apewe kazi ya nyumbani yenye mwanzo na mwisho, aamke saa ileile na watu wengine, ale mezani na familia. Mjomba au shangazi anayempenda aje akae naye bila kutaja mtihani. Wazazi, mlinganisho wenu na mtoto wa jirani uacheni kabisa mwezi huo. Na kijana akitamka kwamba hataki kuishi, au ukiona anagawa vitu vyake na kuaga watu, usiseme ni maneno ya hasira. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, inapigwa bure.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa faini, na ukichelewa zaidi unasubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo uamuzi wa kurisiti uwe umefanyika ndani ya wiki chache baada ya matokeo. Nenda kituoni na karatasi yako, uliza wanafundisha masomo gani na walimu gani, kama kuna maabara, na wanafunzi wao wa mwaka jana walipata nini kwenye masomo unayoyataka wewe. Wakikwepa swali hilo la mwisho, tafuta kituo kingine.